Miche Sitini na Mgeni Rasmi

Kulikuwa na nchi ambayo haiko mbali wala haiko karibu. Ukipita ndani ya gari lililopandishwa vioo, unaimaliza yote bila kuiona. Jina lake kwa sasa halitajwi kwa sababu liko kwenye kamati. Wakubwa waliliona fupi mno kwa nchi yenye mawaziri wengi kiasi kile, wakalipeleka likarefushwe, na mpaka leo halijarudi.

Watu wa nchi hiyo walikula muhogo. Asubuhi muhogo wa kuchemsha, mchana ugali wa muhogo kwa kisamvu, ambacho nacho ni majani ya muhogo huohuo, na jioni walikaa kuzungumzia muhogo wa kesho. Wakubwa wao walikula mkate, lakini kwenye hotuba nao walikula muhogo.

Kisha ukaja ugonjwa. Ulikuwa ugonjwa mstaarabu, unaojua tabia za wenyeji. Kwa nje shamba limesimama vizuri, majani yanameta, mashina yamenyooka, hata ukilipiga picha unaweza kuiweka kwenye kalenda ya wizara. Ukichimba ndipo unakuta ndani ya mzizi pameoza, michirizi ya kahawia imepita kama kutu kwenye bomba. Juu kijani, chini uozo. Msomaji asianze kutabasamu. Hapa tunazungumzia muhogo.

Waziri wa Mizizi aliposikia alifunga safari ya ukaguzi. Alizunguka wilaya tisa kwa siku moja, vioo juu kwa sababu ya vumbi, akarudi na kutangaza redioni kwamba ameona kwa macho yake mwenyewe majani ya kijani nchi nzima, na kwamba huo ugonjwa unaosemwa haujasajiliwa popote. Mwenye malalamiko afike wizarani na mzizi wake. Hakuna aliyefika. Mizizi ilikuwa inaozea njiani.

*

Mtu mmoja alijitokeza bila kuitwa. Alikuwa Dokta Stumai Kilindo, mtafiti wa Taasisi ya Taifa ya Mizizi, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na miwili, mwenye tabia moja mbaya iliyomnyima vyeo maisha yake yote: akiulizwa swali, alijibu lilelile aliloulizwa.

Mama yake, Bi Semeni, alikuwa mkulima wa kijiji cha Mitangoni, mwendo wa siku nzima kutoka mji mkuu. Kijijini huko kulikuwa na aina ya muhogo iliyoitwa Mamkwe Usiondoke. Ulichemka kabla maji hayajachemka, ukalainika kama siagi, na hata mbichi ulitafunwa kama tunda. Haukuota kwingine. Wanawake wa ukoo wa Bi Semeni waliachiana mashina yake kama wengine wanavyoachiana bangili. Ugonjwa ulipoingia Mitangoni ulianza na huo.

Bi Semeni alikata shina la mwisho lililokuwa zima, akamkabidhi binti yake. Alisema Stumai aende nalo huko kwenye vyumba vyao vya vioo, na kama wenye miwani nao watashindwa, basi wao wasio na miwani wataingoja njaa kwa adabu.

Stumai alikaa na lile shina miaka kumi na mmoja. Alilikata vipande vidogo kuliko punje ya ufuta, akavikuza ndani ya chupa, akafanya kazi kwenye vinasaba, yaani ile hati ndogo ndani ya chembe inayouambia mmea uweje. Alichukua kipande kidogo cha hati ya virusi wa ugonjwa, kipande kisichoweza kumdhuru mtu wala mdudu, akakipachika ndani ya hati ya muhogo. Tangu hapo virusi wakiingia, muhogo unawatambua na kuwakatakata kabla hawajaketi.

Alipomweleza mama yake kwenye simu, Bi Semeni aliuliza kama maana yake ni kwamba amempa muhogo picha ya mwizi. Stumai akasema ndiyo, hasa hivyo. Amesoma vitabu ishirini na hakuna hata kimoja kilichosema vizuri namna hiyo.

"Mimi nilikupeleka shule uniletee mjukuu," Bi Semeni akasema. "Umeniletea muhogo kwenye chupa. Haya, tutamlea."

Kila simu baada ya hapo aliulizia wajukuu zake wa chupa. Wamekula? Wameota meno? Miche sitini ilipotoka kwenye chupa na kuingia kwenye vifuko vya udongo, Bi Semeni aliwaambia majirani kwamba wajukuu wameanza kutambaa.

*

Kupanda kitu kipya katika nchi hiyo kulihitaji kibali cha Baraza la Usalama wa Vitu Vipya. Lilikuwa na wajumbe ishirini na mmoja. Mmoja kati yao aliwahi kusoma biolojia, na siku ya kikao alikuwa anaumwa.

Stumai alieleza kazi yake kwa saa moja. Kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kujifunza, alitumia mfano wa mama yake wa picha ya mwizi. Hapo ndipo kikao kilipochangamka. Mjumbe wa kwanza alitaka kujua kama huyo mwizi aliridhia kupigwa picha. Wa pili alitaka kujua mwizi ni wa wilaya gani, na kama ni wa wilaya yake yeye mjumbe, basi kumbukumbu za kikao zisiitaje. Wa tatu, mzee wa usalama, alisema mmea uliofundishwa kukataa kitu kimoja leo, kesho utakataa nini, na nani atakuwa ameufundisha.

Waziri wa Mizizi alikuwa anajifuta jasho muda wote huo. Mwisho akainua mkono polepole.

"Dokta, hii ya kumtambua mwizi mara tu anapoingia. Inaweza kuhama kutoka kwenye muhogo ikaingia kwa watu?"

"Haiwezi, Mheshimiwa."

"Hata wakiula kila siku?"

"Hata wakiula maisha yao yote."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Kibali kikapita bila kupingwa, kwa makofi, na wajumbe wawili walikumbatiana.

Kilikuja na sharti moja tu. Miche sitini ipandwe ndani ya uzio wa Taasisi, na pasitoke jani, pingili wala mzizi kuvuka uzio mpaka muhogo huo uzinduliwe na Mtukufu Mkulima wa Kwanza mwenyewe. Kikivuka hata kimoja, shamba zima litachomwa.

Mtukufu Mkulima wa Kwanza alikuwa ndiye kiongozi wa nchi. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuoga.

*

Hapa mgeni wa nchi hiyo anahitaji kuelezwa jambo. Kule, kitu kisichozinduliwa hakipo. Kulikuwa na daraja zuri la zege lililokamilika miaka minne nyuma; watu walivuka mto chini yake maji yakiwafika kiunoni, na juu ya daraja alisimama polisi kuhakikisha hapiti mtu. Kulikuwa na wodi ya wazazi ambayo mwanamke mmoja aliwahi kujifungulia kabla utepe haujakatwa. Mtoto aliandikwa kuwa bado hajazaliwa. Siku ya uzinduzi alikuwa na miaka mitatu, akaja kwa miguu yake mwenyewe kupokea cheti cha kuzaliwa, akampigia Mtukufu saluti.

Kwa hiyo Stumai hakushangaa. Alipanda miche yake ndani ya uzio, mkabala na dirisha la ofisi yake, akaomba tarehe. Akapewa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ukaahirishwa, kwa sababu Mtukufu alikuwa anazindua kalenda ambayo tarehe hiyo ingeandikwa ndani yake. Ukaja mwezi wa sita, Mtukufu akawa anazindua mashine ya kufyeka nyasi ya uwanja wa ndege. Mwezi wa tisa akazindua kaulimbiu.

Muhogo ndani ya uzio haukujua itifaki. Ulikua tu. Ulimpita Stumai kiuno, ukampita bega. Inzi weupe wanaosambaza ugonjwa walikuja, wakatua, wakanyonya, wakaondoka, na jani halikubadilika. Mashamba yote ya Taasisi yaliyouzunguka yalikuwa yameoza chini. Kila asubuhi askari wa mlangoni alihesabu mashina, akaandika sitini.

Huko Mitangoni hapakuwa na kitu cha kuhesabu. Muhogo mtamu ulikwisha, watu wakabaki na ule mchungu, ambao ugonjwa haukuupenda sana na wala binadamu hapaswi kuupenda kwa haraka. Muhogo mchungu una sumu. Unalowekwa siku tatu nzima, unaanikwa, ndipo unasagwa. Lakini mwenye njaa na watoto wanaolia hangoji siku tatu. Watu walianza kuloweka siku mbili, kisha moja. Sumu iliyobaki ikaingia miguuni. Magoti yalikakamaa, watu wakawa wanatembea kwa ncha za vidole, mapaja yamebanana, wanayumba. Kisha wengine wakaacha kutembea kabisa.

Serikali haikukaa kimya. Wizara ilimtuma afisa utamaduni Mitangoni na kinasa sauti, akairekodi ile miondoko kama ngoma mpya ya asili.

Bi Semeni alipopiga simu siku hiyo hakutania mwanzoni, na Stumai akajua kuna jambo.

"Wajukuu zangu wamefika wapi?"

"Wamenizidi urefu, mama. Nawaona hapa dirishani."

"Basi nikatie pingili tatu. Sikuombi shamba, Stuma. Tatu tu, nizichomeke kabla mvua hii haijanipita. Nyingine nitazizalisha mwenyewe, mimi si mgeni wa muhogo."

Stumai akaeleza habari ya uzio, sharti la Baraza, na moto. Akasema tarehe mpya imetoka, safari hii ni ya kweli, wiki mbili tu.

"Wewe umezaliwa nchi hii kweli?" mama yake akauliza. Kisha akasema jana aliteleza akienda kisimani, si kitu, magoti tu siku hizi yana ubishi. Akakata simu kabla hajaulizwa.

Mlekwa, fundi wa maabara, mtu mnene mwenye maneno mengi aliyefanya kazi na Stumai tangu chupa ya kwanza, alikuwa amesikia yote. Alivuta kiti karibu.

"Dokta, suruali yangu hii unaiona ilivyo pana. Pingili mbili mguu wa kulia, moja wa kushoto. Natembea mpaka stendi kama askari wa gwaride. Nani atamwambia mtu mnene kwamba anatembea vibaya?"

Stumai alicheka, kisha akafikiri mpaka chai yake ikaota utando. Pingili tatu maana yake shina moja. Askari atahesabu hamsini na tisa. Baraza litachoma hamsini na tisa. Sitini kwa tatu, nchi nzima kwa mama yake mmoja. Hesabu ilikuwa rahisi na jibu lilikuwa moja, na Stumai hakuwahi kukosea hesabu.

"Hapana, kaka Mlekwa. Tumesubiri mwaka. Tungoje wiki mbili."

Mlekwa alirudisha kiti mahali pake, na siku hiyo hakusema mzaha mwingine.

*

Wiki mbili zikawa miezi miwili, ila mwisho siku ikafika.

Siku tatu kabla ya uzinduzi Taasisi ilivamiwa na kamati saba. Kamati ya Mapambo ilipaka chokaa kila jiwe, na kuku mmoja aliyesimama karibu. Kamati ya Burudani ikaleta vipaza sauti vikubwa kama makabati. Afisa Itifaki, Bwana Pazi, mtu mtanashati mwenye sauti ya kubembeleza, akaagiza jenereta ya maabara ihamishiwe uwanjani kuendesha feni za meza kuu, maana umeme wa kawaida katika nchi hiyo nao ulikuwa bado haujazinduliwa.

Stumai alimkimbilia. Alimweleza kwamba ndani ya maabara kuna chupa mia mbili, ndizo akiba ya muhogo huo, na chumba kikipata joto zitakufa.

"Ni siku tatu tu, Dokta," Bwana Pazi akambembeleza. "Na wewe mwenyewe umesema muhogo wako una nguvu za ajabu."

Stumai akajibu kwamba yeye alisema una nguvu dhidi ya virusi. Bwana Pazi akamwandikia hilo kama pongezi.

Siku ya tatu asubuhi, wakati bendi inajaribu tarumbeta, Mlekwa alifungua chumba cha chupa. Harufu ilimtoa nje. Chupa zote mia mbili zilikuwa na mchuzi wa kahawia. Stumai aliingia, akatazama, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo kama mtu anayefunga chumba cha msiba. Kisha akajisemea kwamba bado wako sitini uwanjani, wazima, na leo wanatoka kifungoni. Akanawa uso, akavaa koti jeupe.

Mtukufu alifika saa sita badala ya saa mbili. Alihutubia kwa saa mbili na nusu. Alisema baba zetu walikula muhogo, na baba zao, na yeye mwenyewe aliwahi kuuona. Alisema wapo wasioitakia mema nchi wanaodai kuna ugonjwa wa muhogo. Ugonjwa haupo, na leo anazindua dawa yake. Alisema sayansi ilianzia hapa, ikaenda nje kutembea, sasa imerudi nyumbani. Kila baada ya sentensi bendi ilipiga, na mara tatu ilipiga katikati ya sentensi, na haikuharibu maana.

Kisha Stumai akaitwa kung'oa shina la kwanza.

Alilishika kwa mikono miwili, akalitikisa, akavuta. Udongo ulipasuka, ikatoka mizizi saba minene kama mikono ya mpiga ngoma. Akachukua kisu, akaukata mmoja katikati, akauinua juu.

Ulikuwa mweupe. Mweupe kote, mpaka katikati, bila mchirizi, bila doa. Uwanja ulinyamaza, hata bendi. Wakulima walioletwa kwa malori kujaza viti vya nyuma walisimama mmoja mmoja. Walikuwa hawajaona mzizi wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwanamke mmoja alipita katikati ya walinzi bila kuomba ruhusa, akaugusa kwa kidole, akakilamba, akarudi kukaa huku amekishika kidole hicho kama kimeumia. Stumai alijifunika uso kwa karatasi ya ratiba.

Mtukufu akaonja. Akatafuna, akasahau kwamba anatazamwa.

"Mtamu," akasema.

Lilikuwa neno lake pekee siku hiyo ambalo hakuandikiwa.

*

Sasa iko desturi moja, na desturi hii ni nzuri, tusiisingizie. Katika nchi hiyo mgeni haondoki mikono mitupu. Hata ukienda kumsalimu mtu mwenye shida kuliko wewe, utatoka na yai, au na ndizi mbili kwenye karatasi. Na kama mgeni wa kawaida hatoki mikono mitupu, mgeni rasmi je, na meza kuu yake?

Bwana Pazi alikuwa amekwisha kulifikiria. Mtukufu alipokata utepe tu, vijana wa Kamati ya Zawadi waliingia ndani ya uzio na majembe. Waling'oa miche yote hamsini na tisa iliyobaki. Mizizi ikaenda kwenye vikapu. Majani yakapukutishwa ili zawadi isichafue nguo. Kila shina likafutwa udongo kwa kitambaa, likafungwa utepe wa rangi za taifa. Mshereheshaji akaanza kuita majina kwa kufuata itifaki: Mtukufu, Mama Mtukufu, Makamu, Jaji Mkuu, majenerali, mabalozi, hadi mkuu wa bendi. Meza kuu ilikuwa na watu sitini na wawili. Wawili wa mwisho walipewa majani.

Stumai alifika kwa Bwana Pazi akihema. Alimwomba shina moja. Kisha nusu shina. Kisha pingili, urefu wa kiganja, yeye ataiokota hata chini.

"Dokta," Bwana Pazi akasema kwa upole wote, "wewe ni mwenyeji. Mwenyeji hajipi zawadi, watu watatushangaa."

"Hakuna mengine, Bwana Pazi. Duniani kote hakuna mengine. Za chupa zimekufa, za Mitangoni zimekufa. Ni haya sitini."

Bwana Pazi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani si umeyatengeneza mwenyewe? Tengeneza mengine."

Msafara ukaondoka, magari arobaini, vioo juu.

*

Stumai alipata nakala ya orodha ya zawadi, akaanza kubisha hodi. Shina la muhogo lililokatwa linaweza kungoja wiki kadhaa likiwa kivulini, kwa hiyo alikimbia. Nyumba sitini, siku kumi na tisa.

Shina la Mtukufu lilikuwa limepakwa vanishi, limewekwa ndani ya kabati la kioo kwenye makumbusho. La Jaji Mkuu lilichongwa likawa nyundo ya kugongea meza. Majenerali walitia vichwa vya fedha kwenye mashina yao, wakayafanya fimbo. Mabalozi waliyaacha uwanja wa ndege, kwa sababu nchi zao hazipokei mimea bila cheti. Kwa Makamu, mpishi alisema kwa furaha kwamba shina liliwaka vizuri sana, na ndilo lililochemshia muhogo wake wenyewe.

Nyumba ya hamsini na nane ilikuwa ya naibu katibu mmoja wa wizara isiyokumbukwa. Mke wake alimkaribisha Stumai barazani. Hapo, kwenye chungu cha maua, katikati ya waridi mbili za plastiki, lilichomekwa kipande cha shina. Kilikuwa kimechomekwa juu chini. Lakini kilikuwa na macho matatu yaliyochipua, na kwenye jicho moja palikuwa na majani mawili madogo, mekundu kama masikio ya mtoto mchanga.

Stumai alipiga magoti kabla hajasalimu.

"Mume wangu alisema ni kijiti cha bendera," yule mama akasema. "Mimi niliona kinakunywa maji, nikaendelea kukipa. Chukua, dada. Mbona unalia?"

*

Kesho yake asubuhi Stumai alipanda basi la Mitangoni, kile kipande kimelala mapajani mwake ndani ya mfuko wa udongo wenye unyevu. Alikuwa amekwisha kupanga yote. Macho matatu, mashina matatu. Mwakani mashina thelathini. Mwaka wa tatu Mitangoni nzima.

Saa tisa alasiri basi lilisimamishwa mpakani mwa wilaya. Kulikuwa na kizuizi, kibanda, pipa la moto, na mkaguzi wa mimea aliyevaa sare iliyopigwa pasi.

Katika nchi ile sheria zilikuwa nyingi, lakini iliyofuatwa ilikuwa hii moja: pingili ya muhogo haivuki mpaka wa wilaya bila cheti cha maabara, kwa kuwa ugonjwa husafiri kwa pingili mikononi mwa watu wema wanaopelekeana mbegu. Ilikuwa sheria nzuri. Iliandikwa na Stumai mwenyewe. Alifanikiwa kuipitisha kwa sababu siku hiyo Waziri alikuwa safarini, hakuna aliyekuwepo wa kuiharibu. Na wakaguzi wa kwanza kumi na wawili aliwafundisha yeye. Huyu, Sikudhani, alikuwa ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Sikudhani."

Sikudhani aliutazama mfuko, akauangalia utepe wa rangi za taifa ambao Stumai alisahau kuuondoa. Akauliza cheti. Stumai akaeleza kila kitu, uzio, feni, zawadi, waridi za plastiki. Abiria walikuwa wameshuka, wanasikiliza.

"Nakuamini, Dokta," Sikudhani akasema. "Lakini kimekaa mjini siku kumi na tisa, kwenye chungu, karibu na mihogo ya majirani. Ulitufundisha kwamba jicho halioni virusi, wala halitofautishi muhogo wako na mwingine. Na ulituambia hata wewe mwenyewe ukija bila cheti tusikupitishe. Ulituandikisha kabisa."

"Maabara ya kutoa cheti ndiyo hiyo yangu. Jenereta bado haijarudi. Hiki kitakauka kabla hawajawasha taa."

"Najua."

"Mama yangu yuko huko, Sikudhani."

"Na wangu pia yuko huko," Sikudhani akasema. Machozi yalimshuka, lakini hakuondoka njiani.

Stumai alitafuta neno la kumshinda na hakulipata, kwa sababu maneno yote mazuri alikuwa amekwisha kumpa darasani. Angekuwa mkaguzi mvivu, angemwambia pita. Angekuwa mla rushwa, ingepatikana njia. Sheria ilisema mwenye mmea ndiye anayeutia motoni kwa mkono wake, mbele ya mkaguzi, ili pasiwe na udanganyifu. Sentensi hiyo aliipenda sana alipokuwa anaiandika. Alisogea kwenye pipa, akakitia. Majani mawili yalijikunja kwanza. Shina likatoa povu kidogo, kwa kuwa lilikuwa bado bichi.

Sikudhani akajaza fomu, wakatia saini wote wawili.

*

Bi Semeni alikuwa ameketi mkekani mbele ya nyumba, miguu imekunjwa upande kwa namna ambayo mtu hakunji miguu kwa hiari. Hakujaribu kuinuka. Alimwambia binti yake amekonda kama mche wa chupa, akamwuliza wajukuu wako wapi.

Stumai aliketi chini, akasimulia. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye suruali ya Mlekwa alisita, kisha akasimulia na hilo pia, kwamba ilikuwepo njia na yeye ndiye aliyekataa. Bi Semeni alisikiliza, anachambua ukindu wa mkeka kwa vidole.

"Huyo wa kizuizini ni mtoto wa nani?"

"Sikudhani. Kwao ni Mitangoni ya juu."

"Alilia?"

"Alilia."

Bi Semeni akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo nchi nzima hii ametokea mtu mmoja wa kufanya kazi yake sawasawa," akasema, "naye umekutana naye wewe."

Akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kifua, mpaka kikamgeuka kikohozi, na Stumai naye akacheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Kuku alipita, akadonoa mahali palipo patupu, akaendelea.

"Jua limenifuata," Bi Semeni akasema. "Nisogeze pale ukutani."

Stumai akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti yaliyokakamaa, akajikaza kama anayeinua gunia, kwa kuwa mama yake alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mikono ya jembe. Akainua. Nguvu alizoziandaa zilikuwa nyingi mno. Mwili wa mama yake ulipanda juu ghafla, karibu na kifua chake, na akabaki amesimama naye juani, hana uzito wowote wa kushikilia.